Kozhikode au Calicut? Mji Mmoja na Majina Yake

Katika toleo lililopita tuliugusa kwa mstari mmoja tu mji wa bandari wa Kozhikode, ulioko pwani ya Malabar katika jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India, na mstari huo ukatuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua tano, na tunazijibu hapa pamoja kwa sababu zote zinazunguka jambo moja: mji huo uitweje, na nani auite vipi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Kitabu tunachofundishia kinasema kwamba Vasco da Gama aliondoka Malindi mwaka 1498 akafika Calicut. Niliwaambia wanafunzi waitafute Calicut katika ramani mpya iliyobandikwa ukutani, wakaikosa. Walichokiona mahali pale ni Kozhikode. Mmoja akaniuliza kama Calicut ilizama baharini. Je, ni mji mmoja au miwili? Na ubaoni niandike jina gani?

JIBU: Haikuzama, Mwalimu. Ni mji mmoja, na mwanafunzi wako ameuliza swali zuri kuliko anavyodhani. Kozhikode ni jina ambalo wenyeji hulitumia katika lugha yao ya Kimalayalam, na Calicut ni jina hilo hilo baada ya kupita katika vinywa vya wageni wengi, kila mmoja akilikata kwa kadiri ya ulimi wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Kerala iliyarudisha katika matumizi rasmi majina ya kienyeji ya miji yake, ndipo Trivandrum ikaandikwa Thiruvananthapuram, Quilon ikawa Kollam, Cannanore ikawa Kannur, na Calicut ikawa Kozhikode. Majimbo mengine nayo yakafanya hivyo: Bombay ikawa Mumbai mwaka 1995, Madras ikawa Chennai mwaka 1996, na Calcutta ikawa Kolkata mwaka 2001. Ramani yako imechorwa baada ya mabadiliko hayo, ilhali kitabu chako kimerithi jina kutoka katika vitabu vya zamani zaidi.

Hapo ndipo watu wengi huishia, wakisema kwamba Calicut ni jina la kikoloni na Kozhikode ni jina la kweli. Sisi hatukubaliani na maelezo hayo, kwa sababu tarehe hazikubali. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja, Moroko, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Malabar kama miaka kumi baadaye, akakuta bandarini meli kumi na tatu za Kichina, na katika habari za safari yake mji huo umeandikwa kwa Kiarabu Qaliqut. Hiyo ni zaidi ya karne moja kabla ya Wareno kuutia machoni. Wachina wa misafara ya baharini ya amiri wao Zheng He, iliyoanza mwaka 1405, waliuita Guli. Mpelelezi wa mfalme wa Ureno, Pêro da Covilhã, aliufikia mwishoni mwa miaka ya 1480 kwa kupanda vyombo vya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, kisha akateremka hadi Sofala. Kwa hiyo Wareno walipoandika Calecut hawakubuni kitu. Waliandika walichokisikia kwa watu waliozungumza Kiarabu, na Waingereza wakalipokea kutoka hapo.

Sisi wa pwani tuna mfano mlangoni petu. Kisiwa ambacho wenyewe hukiita Unguja, mabaharia wa Uajemi na Uarabuni walikiita Zanjibar kwa karne nyingi, na kwa sababu habari zake zilisafiri katika majahazi yao, dunia nzima leo husema Zanzibar. Mvita nayo ni Mombasa kwa wageni. Hakuna anayedai kwamba Zanzibar ni jina la uongo; ni jina la baharini, na Unguja ni jina la nyumbani. Hata pilipili manga tunayoitia katika pilau imetaja Manga, yaani Uarabuni, ingawa aliyeipanda ni mkulima wa Malabar: jina limemfuata aliyeileta pwani, likamwacha aliyeivuna.

Ubaoni, basi, ukifundisha mwaka 1498, andika «Calicut (leo Kozhikode)», kwa kuwa Calecut ndilo lililoandikwa katika kumbukumbu za safari ile na mwanafunzi atakutana nalo tena. Ukifundisha jiografia ya leo, andika Kozhikode peke yake.

Tukiwa bado kwenye sentensi ya kitabu chako, ina kasoro moja ndogo ambayo wanafunzi wataifurahia. Da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, akasukumwa na upepo wa kusi uliokuwa ukianza, na tarehe 20 Mei akatia nanga. Lakini hakutia nanga Calicut. Shajara ya safari hiyo inasema kwamba rubani aliudhania mji mwingine, ulioandikwa Capua, kuwa ndio Calicut, na ndiyo maana nchi kavu ya kwanza waliyoikaribia ni ile ya Kappad, kaskazini mwa mji, ambako leo kuna nguzo ya kumbukumbu. Vitabu vingi humtaja rubani huyo aliyetolewa na mfalme wa Malindi kuwa ni Ahmad ibn Majid, mjuzi mkubwa wa bahari kutoka Julfar, Uarabuni, lakini watafiti wengi wa sasa hawalikubali hilo. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 walisema alikuwa mtu wa Gujarat, kaskazini-magharibi mwa India, na mmoja wao akamwita Malemo Cana. Hilo «malemo» si jina la mtu, bali ni muallim wa Kiarabu, mjuzi wa njia za baharini, neno lile lile lililotupa sisi mwalimu. Ni mwenzako wa cheo, na alikosea mahali kidogo tu.

SWALI: Ninafanya kazi Muscat, na ofisini nina wenzangu Wamalabari watatu. Mimi husema «Ko-zi-ko-de» kama lilivyoandikwa, nao hucheka. Mmoja hutamka kitu kama «Koyikodu», mwingine hutamka sauti ambayo mimi siwezi kuitoa, na wa tatu husema Calicut tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wote watatu, na wewe unasamehewa, kwa sababu sisi tumezoea lugha inayotamkwa kama inavyoandikwa. Herufi mbili zh katika jina hili zimewekwa kwa mapatano tu, ili kuwakilisha herufi moja ya Kimalayalam isiyo na mwenziwe katika alfabeti ya Kilatini. Haihusiani na z hata kidogo. Ili kuitoa, ukunje ulimi wako ncha ielekee juu na nyuma, ikaribie kaakaa bila kuligusa, kisha uiachie sauti ipite. Utasikia kitu kilicho kati ya r na l, na kwa mbali kina harufu ya y. Sauti ya k ya pili hukazwa, d ya mwisho hutamkwa kwa ulimi uliokunjwa vile vile, na ile e ya mwisho si e yetu bali ni irabu fupi inayomezwa, iliyo karibu na u. Anayetaka njia ya mkato aseme «Korikodu» huku ulimi ukiwa umekunjwa, na Wamalabari watamwelewa.

Huyo anayesema «Koyikodu» hakukosea. Katika mazungumzo ya kawaida ya Malabar, hasa miongoni mwa Waislamu wa huko wanaoitwa Mappila, sauti hiyo hugeuka kuwa y. Ukimwona mzee wa Kozhikode akiandika herufi moja na kutamka nyingine, mkumbuke mzee wa kwetu wa Mvita anayeandika njia kwa ajili ya shule na kusema ndia nyumbani.

Sauti hiyo hiyo ndiyo inayoeleza l iliyomo katika Calicut. Lugha jirani ya Kitamil humalizia jina lake kwa herufi hiyo hiyo, wenyewe wakiliandika Tamizh kwa herufi za Kilatini, nasi tumeisikia kuwa l bila mtu kutulaumu. Waarabu nao walisikia l, wakaandika Qaliqut. Mji wa Alappuzha, ulioko kusini zaidi kwenye pwani ile, haukuwa na bahati hiyo: Waingereza walipouita Alleppey sauti yenyewe ilipotea kabisa.

Kuhusu mwenzako wa tatu, huyo amefanya jambo ambalo watu wa mji huo hulifanya kila siku. Akizungumza na mama yake kwa simu husema Kozhikode, na akizungumza nawe kwa Kiingereza au na karani wa tiketi husema Calicut. Si kwamba hajui jina la kwao. Anajua ni nani anayemsikiliza. Wewe unapozungumza Kiswahili tamka Kozhikode kadiri unavyoweza, na wakicheka, waombe watamke «ng'ombe».

SWALI: Mimi ni fundi cherehani Mombasa. Mteja wangu aliyerudi kutoka Uingereza aliniagiza nimshonee gauni la majaribio kwa kitambaa cha calico. Kijana wangu wa dukani anasema calico ni nguo ya Calcutta. Je, ni kweli, na kitambaa chenyewe ni kipi kwa Kiswahili?

JIBU: Kijana wako amekosea, lakini asisimangwe, kwani hata katika ukurasa huu miji hiyo miwili iliwahi kubadilishana nafasi bila sisi kutambua, hadi msomaji mmoja akatuandikia. Calcutta, ambayo sasa ni Kolkata, iko upande wa pili wa India, kwenye mto Hugli karibu na ghuba ya Bengal, na mji huo ulikua kutokana na kituo cha biashara ambacho Waingereza walikianzisha mwaka 1690. Da Gama alipofika Malabar mji huo wa Waingereza haukuwapo. Neno calico limetoka Calicut, nalo lilikuwa katika Kiingereza tangu karne ya 16, kabla ya kituo hicho kuanzishwa.

Hata hivyo usidhani kwamba kila jora la calico lilifumwa Calicut. Wageni walikuwa na desturi ya kuiita bidhaa kwa jina la bandari waliyoijua, na kufikia karne ya 17 wafanyabiashara wa Kiingereza waliita calico nguo za pamba zilizotoka Gujarat na pwani ya Coromandel, mbali kabisa na Malabar. Nguo hizo zilipendwa mno, hasa zile za maua, kiasi kwamba mwaka 1719 wafumaji wa London waliokosa kazi waliingia mitaani wakiwachania wanawake magauni ya calico mwilini, na mwaka 1721 bunge likapitisha sheria ya kuzuia watu kuvaa sehemu kubwa ya nguo hizo. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1774. Ni nadra bandari ya ng'ambo kuitia wasiwasi serikali ya Uingereza kupitia kabati la nguo za wanawake.

Wewe fundi unalifahamu jambo hili bila kusoma historia, kwa sababu kila siku unalikata kwa mkasi. Ile amerikani, ambayo wengine husema marekani, ilipewa jina hilo katika karne ya 19 kwa kuwa ililetwa na meli za Wamarekani. Baadaye viwanda vya Bombay vikafuma kitambaa cha namna ile ile na kukileta pwani, na jina halikubadilika. Mtu alikuwa akinunua amerikani ya India kwa Mhindi, na hakuna aliyeona ajabu. Calico ina historia ya namna hiyo hiyo, ila yenyewe ilianzia India.

Sasa tuje kwenye gauni la mteja wako. Katika Kiingereza cha Uingereza, calico ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa wala kutiwa rangi, kizito kiasi, chenye vijiti vidogo vya pamba vinavyoonekana ukikinyoosha mbele ya dirisha. Mafundi wa huko hukitumia kukatia nguo ya majaribio kabla ya kugusa kitambaa cha bei. Hicho kwa Kiswahili ni amerikani. Usimpe bafta, kwa kuwa bafta ni nyeupe na nyembamba zaidi, italegea mabegani na kipimo kitakudanganya. Na ikiwa siku moja utaagiza kwa njia ya intaneti, angalia muuzaji yuko wapi: Mmarekani akisema calico anakusudia pamba yenye maua madogo madogo, na paka mwenye mabaka ya rangi tatu kwao ni paka wa calico, kwa ajili ya mabaka hayo.

SWALI: Nimesoma mahali kwamba Kozhikode maana yake ni «ngome ya kuku». Je, mji mkubwa namna hiyo unaweza kuitwa kwa jina la kuku? Na Zamorin, mfalme aliyempokea Da Gama, ni jina la mtu? Msomaji wenu, Lamu.

JIBU: Kozhi ni kuku kwa Kimalayalam, hilo ni kweli, na juu ya neno hilo wenyeji wamejenga hadithi tamu. Inasemwa kwamba mfalme wa mwisho wa nasaba ya Chera, Cheraman Perumal, alipogawa nchi yake kwa wakuu wake alimsahau mmoja, na alipofika kumgawia palikuwa pamebaki kipande kidogo. Akampa upanga pamoja na eneo lote ambalo sauti ya jogoo akiwika ingesikika. Eneo hilo likawa Kozhikode, na mkuu huyo akawa babu wa wafalme wake. Wajuzi wengi wa lugha huona kwamba jina limetokana na koyil, yaani kasri au hekalu, na kotta, yaani ngome, na sisi twaona kauli yao ina uzito zaidi. Lakini mtu wa pwani hawezi kuidharau hadithi ya jogoo. Kilwa, kwa mujibu wa habari zake za kale, ilinunuliwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka kisiwa kizima. Huko ardhi ilipimwa kwa sauti, huku ikapimwa kwa mikono ya nguo.

Zamorin si jina la mtu. Ni cheo, kama Mwinyi Mkuu wa Unguja. Kimalayalam ni Samoothiri, Ibn Battuta aliandika Samari, Wareno wakaandika Samorim, na Waingereza wakaandika Zamorin. Ukiandika Kiswahili, Samoothiri ndilo tunalolipendekeza, ukieleza mara moja kwamba ndiye Zamorin wa vitabu.

Kwa kuwa umetuandikia kutoka Lamu, tukuongezee jina moja zaidi. Huko Kozhikode, katika mtaa wa Kuttichira, kando ya bwawa kubwa la maji, uko msikiti wa karne ya 14 wenye ghorofa za mbao na paa la vigae linalopanda ngazi kwa ngazi, bila mnara hata mmoja, ambao mgeni asiyeambiwa angedhani ni kasri la Malabar. Uliojenga msikiti huo ni mkono wa tajiri mmoja mwenye meli, na jina lake linakumbukwa hadi leo: Nakhuda Mithqal. Nakhuda ndiye nahodha wetu, neno lililotoka Uajemi likashuka katika bandari zote mbili. Mithqal ni kipimo cha kupimia dhahabu, na mtu huyo alistahili jina lake, kwani Ibn Battuta anamtaja kuwa na mali nyingi na vyombo vilivyofanya biashara hadi China na Yemen. Wareno waliushambulia mji mwaka 1510 wakauchoma msikiti huo, ukatengenezwa tena.

SWALI: Mimi ni mfasiri Nairobi. Nilitafsiri wasifu wa daktari aliyesoma University of Calicut, nikaandika «Chuo Kikuu cha Kozhikode» kwa kuwa ndilo jina rasmi la mji. Mteja ameirudisha kazi akisema nimeharibu cheti. Nani ana haki?

JIBU: Mteja. Jina la mji lilibadilishwa, lakini jina la taasisi ni mali ya taasisi, na chuo hicho kilichoanzishwa mwaka 1968 bado kinajiita Calicut; tena hakimo hata ndani ya mji, kiko Thenhipalam katika wilaya jirani ya Malappuram. Chuo cha taifa cha teknolojia nacho ni cha Calicut, ilhali chuo cha usimamizi kilichofunguliwa mwaka 1996 ni cha Kozhikode, na UNESCO ilipouingiza mji huo mwaka 2023 katika orodha ya Miji ya Fasihi, ukiwa wa kwanza nchini India, iliuandika Kozhikode. Hakuna kanuni inayoweza kukupa majibu hayo. Sharti utazame kila taasisi inavyojiandika katika karatasi zake. Andika «Chuo Kikuu cha Calicut, Kerala», na kama wasifu unataja mahali daktari alipozaliwa, hapo ndipo Kozhikode inapokaa. Uwanja wa ndege uuache kama ulivyo kwenye tiketi: alama yake ni CCJ, jina lake ni Calicut, na ukishuka utajikuta Karipur.